Maana ya Karibu Chai

Kosa lilikuwa langu. Nimelikana mara saba hapa mtaani Ngasinan, na ukiniuliza mbele ya Bu Pariyem, mama jirani, nitalikana mara ya nane, lakini hapa tuko wawili tu, basi nasema: lilikuwa langu.

Nina kibanda cha kahawa kando ya barabara ya kwenda Klaten. Nauza kahawa nzito, ile ambayo unga wake unabaki chini ya glasi, na tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba. Pia natoa maneno, na hayo natoa bure. Mbele ya kibanda pana ubao mweusi ambao zamani niliuandikia vyakula vya siku. Lakini vyakula vyangu havijabadilika tangu marehemu mume wangu yuko hai, nikaona namaliza chaki bure. Asubuhi moja, badala ya kuandika "Tempe", nikaandika "Tempe: nyama ya mwisho wa mwezi." Madereva wa malori wakacheka, mmoja akajimwagia kahawa suruali nzima, na mimi nikanogewa. Toka siku ile kila asubuhi naandika neno moja na maana yake. Siwezi kujizuia. Wengine wanavuta sigara, mimi nina chaki.

Niliandika "Jirani: mtu anayejua umepika nini kabla wewe hujaonja." Bu Pariyem, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, alininunia siku mbili, ya tatu akaja kuniuliza napika nini. Niliandika "Kazi ya pamoja: watu wawili wanafagia, kumi na wanane wanajadili ufagio." Niliandika "Saa nne kamili: saa tano na nusu, mvua isiponyesha." Na mwanangu Wening alipofika miaka thelathini bila mume, na kila shangazi aliyepita akawa anamuuliza swali lile lile, nikaandika "Utaolewa lini: salamu ya mtu asiye na habari nyingine." Wening alisoma akiwa anatoka kwenda kufundisha watoto wake wa chekechea, akarudi mbio kunikumbatia, unga wa tempe umenijaa mikononi. Siku hizo aliupenda ubao wangu.

Na kuna moja niliandika mwezi wa tatu, ambayo ndiyo iliyokuja kunitoa jasho. Kwetu mgeni haigusi chai aliyowekewa mpaka mwenyeji amkaribishe. Hata kama koo limekauka kama karatasi, anaitazama tu. Mwenyeji mwema anakaribisha mapema. Lakini sote tunamjua yule mwenyeji aliyechoka na mazungumzo, anayeanza kusisitiza, "Kunywa, kunywa chai kabla haijapoa," na mgeni anaelewa, anaimaliza, anaaga. Basi nikaandika: "Kunywa chai kabla haijapoa: nenda kwenu, na usisahau viatu." Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Kwa mwezi mzima hakuna aliyeweza kumkaribisha mwenzake chai bila wote wawili kuangua kicheko.

Sasa, katika wateja wangu alikuwepo kijana mmoja mpole, Jatmiko, fundi wa pampu za maji, kutoka mtaa wa pili ng'ambo ya mfereji. Kila siku alikunywa kahawa, akaupiga ubao picha kwa simu yake, akaenda. Mimi nikajivuna, nikasema huyu ndiye msomi, huyu anathamini kazi yangu. Kumbe! Saa aliyokuja ndiyo saa Wening alinisaidia kukaanga tempe. Mwaka ulipita ndipo nikagundua kwamba picha nyingine zilikuwa za ubao na nyingine hazikuwa za ubao.

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilifurahi nikaunguza sufuria mbili. Tukakubaliana siku: wazee wake watakuja kuposa Jumapili, saa nne asubuhi.

Baba yake Jatmiko ni Pak Darmaji, yaani Baba Darmaji, mwenyekiti wa mtaa wao. Mtu mwema, mkono wazi, hana makuu. Ana ugonjwa mmoja tu: kipaza sauti. Ukimpa kipaza sauti, Pak Darmaji hakiachi mpaka betri ife. Jumanne ya wiki ile ile ya posa, walikuwa na karamu ya kufungua mfereji wao mpya, nasi wa Ngasinan tukaalikwa. Sahani zimepangwa, supu inafuka moshi, nami sijala tangu asubuhi kwa makusudi. Pak Darmaji akasimama, akagonga kipaza sauti kwa kidole mara tatu, akaanza na historia ya maji. Ya maji, jamani! Wakati anafika kwenye mvua za utoto wake, mafuta juu ya supu yangu yalikuwa meupe, yameganda, ungeweza kuyainua kwa kidole. Nilirudi nyumbani na njaa, na mimi nikiwa na njaa sina busara.

Jumatano alfajiri nikachukua chaki. "Hotuba: maneno ya mtu mmoja yanayosemwa ili chakula cha watu mia kipoe."

Sikutaja jina. Naapa sikutaja jina. Walitaja wao. Kufika saa sita mchana picha ya ubao ilikuwa imezunguka kwenye simu za mitaa yote miwili, na mjinga mmoja akaibandikia pembeni picha ya Pak Darmaji ameshika kipaza sauti, mdomo wazi.

Wening alirudi kutoka kazini na rangi za watoto bado ziko kwenye vidole.

"Mama."

"Abee."

"Hotuba."

"Sikutaja jina la mtu, Nduk, binti yangu."

"Mama! Kuna mtu mwingine kati ya hapa na Klaten anayehutubu mpaka supu inaganda?"

"Wapo. Mimi naweza kukutajia hata watatu..."

"Jumapili wanakuja kuniposa! Zilibaki siku nne. Nne tu! Umeshindwa kujizuia siku nne?"

Nikajaribu mzaha. Nikasema, basi kesho nitaandika maana ya "mkwe", tuwe sawa. Hakucheka. Alichovya tambara kwenye ndoo akaufuta ubao, akaufuta mpaka fremu, mpaka misumari. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja akaanza kulia, na Wening si mtu wa kulia.

"Nina miaka thelathini na mmoja, Mama. Nimesubiri mtu anayecheka pale ninapocheka mimi. Nimempata. Lakini Jatmiko hawezi kumvuka baba yake, unamjua alivyo. Baba yake akikunja uso, basi yamekwisha."

Nilitamani niimeze ile chaki. Jioni Jatmiko akampigia simu, akasema baba yake hajasema neno tangu mchana. Pak Darmaji hajasema neno! Hiyo ilinitisha kuliko matusi.

Alhamisi mchana nikakata mkungu bora wa ndizi nilionao shambani nyuma ya nyumba, nikavaa vazi langu la sherehe, nikavuka mfereji. Kwetu ukimkosea mtu huendi kumwambia "nisamehe". Ni kumwaibisha yeye na wewe. Unaenda na ndizi. Unauliza hali ya kuku wake, hali ya goti lake, mvua itanyesha ama vipi. Mwenyeji anakuwekea chai. Halafu anasema "karibu chai", unakunywa, na mambo yameisha. Chai ndiyo msamaha wenyewe. Nimeshuhudia ndugu walioburuzana miaka mitatu kwa sababu ya ua wa mianzi, wakapatana kwa glasi moja, na hakuna aliyetamka neno ua.

Pak Darmaji alinipokea barazani, amevaa saruni na kofia yake nyeusi. Mkewe akaleta chai ya asumini kwenye glasi yenye kifuniko, akaiweka mbele yangu, akarudi ndani.

"Kuku hawajambo, Pak?"

"Hawajambo."

"Na goti?"

"Linaendelea vizuri."

"Naona kama mvua itanyesha."

"Inawezekana."

Hayo ndiyo majibu ya Pak Darmaji, mtu aliyetuanzia mfereji tangu kuumbwa kwa maji! Nikaitazama chai. Akaitazama chai. Akafungua mdomo, nikasema moyoni, sasa. Akaufunga. Nikauliza tena kuhusu kuku, mmoja mmoja. Mvuke ukapungua, ukakata. Kwa ndani nilimsikia mkewe anakohoa kwa kusudi, akatoa kichwa mlangoni, na Pak Darmaji akampa jicho, kichwa kikarudi. Nilikaa saa nzima. Koo langu lilikuwa limekauka mpaka nameza hewa. Mwishowe nikainuka.

"Ah, unaondoka, Bu Warsiti?" akasema.

"Ndiyo, Pak. Nimeacha moto jikoni."

Akanisindikiza mpaka getini kwa heshima zote. Habari ya chai hakuigusa, na ya Jumapili pia. Nilivuka mfereji nikilia kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Bu Pariyem alikuwa ananisubiri ukutani kwake, kiganja kiunoni.

"Enhe?"

"Hakunikaribisha chai."

"Hakukukaribisha mwanzoni, au..."

"Mpaka mwisho, shoga. Mpaka ikapoa. Mpaka nzi akaja."

"Mungu wangu wee," akasema Bu Pariyem, akajifunika mdomo.

Kumwambia Wening ilikuwa kazi. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Basi, Mama. Nimeelewa," akaingia chumbani. Nilimsikia anazungumza na Jatmiko kwenye simu. Jatmiko alisema baba yake hajaghairi wala hajathibitisha, amejifungia tu chumbani anaandika, anachana, anaandika. Wening akamjibu, "Angekuwa anakuja, angempa mama chai." Na hapo nani angembishia?

Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaa walikuja na visu vyao na mbuzi zao za nazi, kama ilivyo desturi, kusaidia mapishi ya wageni. Kuku kumi walikuwa tayari kwenye tui, wanachemka. Nikasimama mlangoni, nikawaambia hakuna wageni. Wali, kuku, karanga za kukaanga, chukueni, wapelekeeni watoto. Walibeba masufuria kwa huzuni kubwa, sikatai, ila nilimwona Bu Pariyem katikati ya huzuni ile ile anachagua mapaja.

Jumapili nilifungua kibanda kama kawaida, nimevaa gauni langu la jikoni lililochakaa mpaka maua yake hayajulikani yalikuwa maua gani. Ubao ulikuwa mtupu siku ya nne. Dereva mmoja akaniuliza, "Bu Warsiti, leo neno gani?" Nikamjibu leo maneno yamekwisha, kunywa kahawa yako. Wening alikuwa nyuma kisimani anaosha nywele, amezifunika povu.

Redio ya dereva yule ikatangaza saa nne. Tangazo halijaisha, nikaona mabasi madogo mawili yanakata kona, na pikipiki nyuma yake. Wakashuka watu kumi na wanane, wote wamevaa batiki ya rangi moja, wanawake wamebeba vikapu vya wali wa kunata uliopikwa na sukari, ule unaoletwa ili wachumba wanatane. Mbele yao Pak Darmaji, amechana nywele kwa maji, kofia yake nyeusi juu, mkono mmoja ameunyosha anatazama saa yake.

"Saa nne kamili, Bu Warsiti," akasema, na kifua kimemjaa.

Mimi nimesimama na kijiko cha kukaangia, tempe inadondosha mafuta kwenye mguu wangu. Nilidhani wamekuja kunisuta kwa maandamano. Lakini ni nani anayekwenda kumsuta mtu na vikapu vya wali wa kunata?

"Ka... karibuni, Pak. Karibuni ndani. Karibuni sana."

Nikawaweka kwenye mikeka, nikatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, nikarukia ukutani.

"Shoga! Kuku!"

"Kuku gani?"

"Kuku wangu! Warudishe! Wamekuja!"

"Wamekuja nani? Yesu na Maria! Mume wangu ameshakula mapaja mawili!"

"Lete kilichobaki! Na mumeo naye mlete, kama hajameng'enya!"

Sijawahi kuona mtaa wetu ukikimbia vile, hata siku ya moto. Wanawake waliingia kwa mlango wa jikoni mmoja mmoja, huyu na sufuria nzima, huyu na nusu, huyu na sahani yenye paja lililoumwa mara moja tu na mtoto. Tukakusanya kuku kumi wa nazi, ambao kati yao wote walikuwa na miguu saba. Bu Pariyem akawapanga kwa ustadi, mgongo juu, mchuzi juu ya mgongo, krupuk, zile chipsi kavu za kukaanga, juu ya mchuzi. Nami namwita mwanangu, "Nduk! Povu! Toa povu, wamekuja!" Wening akatokea mlangoni na taulo kichwani, akachungulia sebuleni, akamwona Jatmiko kwenye mkeka anatoka jasho, akakimbilia chumbani. Dakika saba baadaye alitoka amevaa vazi lake la kijani, nywele bado zinadondosha maji mgongoni, na mimi nilitazama nikasahau yote kwa muda, kwa sababu alikuwa mzuri kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Tukaweka glasi kumi na nane za chai.

Watu kumi na wanane wanatazama glasi kumi na nane. Ilikuwa zamu yangu kusema karibuni chai, nami ulimi umekufa. Ningesemaje? Pak Darmaji hakunikaribisha kwake. Nikimkaribisha kwangu mbele ya watu wake, si ni kumsuta waziwazi: tazama, mimi nina adabu, wewe huna? Nikanyamaza. Yeye akanyamaza. Mvuke unapungua. Jatmiko anameza mate.

Wening hakuweza kuvumilia. Akasema kwa ile sauti tamu ya kuwaambia watoto wa chekechea wanawe mikono: "Karibuni jamani, kunyweni chai kabla haijapoa."

Pak Darmaji akashtuka kama aliyechomwa sindano. Akanitazama mimi, akamtazama Wening. Akaweka mikono magotini, akasimama taratibu. Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao, wote kumi na saba wakasimama nyuma yake.

"Basi," akasema kwa unyonge, "tunashukuru kwa mapokezi. Tutawaacha mpumzike." Akageuka kwa mkewe, akanong'ona, nasi sote tukasikia, "Viatu vyangu uliviweka upande gani?"

"Pak! Mnakwenda wapi?" Wening akapiga kelele.

"Si mmetuambia tunywe chai kabla haijapoa?"

"Ndiyo, kunyweni!"

Pak Darmaji akatia mkono kwenye mfuko wa batiki yake akatoa kijidaftari chenye kona zilizojikunja. Akalamba kidole, akafunua, akasoma kwa sauti ya ofisini: "Kunywa chai kabla haijapoa: nenda kwenu, na usisahau viatu." Akakifunga. "Mwezi wa tatu. Mwandiko wangu, lakini maneno ya mama mwenye nyumba."

"Pak Darmaji," nikasema, "unayaandika?"

"Yote. Jatmiko ananiletea picha kila siku, nanakili, namsomea mke wangu kabla hatujala."

"Kwa hiyo Alhamisi..."

"Alhamisi nilikuwa nimekaa na mwandishi mwenyewe!" akalipuka. "Ningekukaribishaje chai, Bu? Umekuja na ndizi zako, nami nikuambie kunywa, wewe uone nakufukuza? Nilijiuma ulimi saa nzima! Ile chai naitazama inapoa, nami natamani kulia!"

"Nikamwambia mkaribishe mgeni," mkewe akadakia kutoka nyuma, "akanitolea jicho. Nikadhani ameingiwa na mdudu."

"Nami nilidhani hujanisamehe!" nikasema. "Nimewagawia watu kuku!"

"Kuku gani?" akauliza Pak Darmaji.

"Usiulize, Pak," Bu Pariyem akasema toka jikoni.

Sijui nani alianza. Nadhani ni Jatmiko, yule mpole, alitoa kicheko kimoja cha puani kama pampu inayoanza kuvuta, Wening akacheka hapo hapo, kisha nyumba nzima ikaanguka. Pak Darmaji alicheka amejishika kwenye nguzo, kofia imemwangukia usoni. Mimi nilikaa chini kabisa, nafuta machozi kwa gauni la jikoni. Lo! Hata sikuwa nimebadilisha nguo.

Wakakaa tena. Tukanywa chai, imepoa, tamu kweli kweli.

"Na hotuba?" nikauliza. Bora kulimaliza. "Ile ya Jumatano, Pak. Ulikasirika?"

"Niliicheka mpaka nikapaliwa," akasema. "Kisha mke wangu akaniuliza kama ninamjua huyo mtu anayesemwa. Ndipo nikaacha kucheka." Akatoa kipande cha karatasi. "Siku nne nimeandika hotuba ya leo."

"Ilikuwa kurasa kumi na moja," Jatmiko akasema.

"Sasa sikilizeni." Akasimama. Akatazama karatasi, akaikunja, akairudisha mfukoni. "Bu Warsiti, mwanangu anampenda mwanao, tumekuja kumwomba." Akakaa.

Watu wake walitazamana. Mzee mmoja akamgusa begani, akamuuliza kama anajisikia vizuri.

Basi ikawa zamu yangu. Mume wangu angekuwa hai angejibu yeye, lakini hayupo, na neno lenyewe ni moja: ndiyo. Nilisimama nikiwa na neno hilo moja tu, naapa. Nikafungua mdomo nikasema, "Wening alizaliwa wakati wa mafuriko." Sijui yalitoka wapi. Nikaeleza mafuriko. Nikaeleza baba yake alivyombeba juu ya baiskeli, amemfunga kwa saruni mgongoni, akavuka daraja maji yako magotini. Nikaeleza jino lake la kwanza. Nikaeleza alivyokuwa anaiba tempe za moto akizificha mfukoni zikamchoma paja. Nikaeleza kwamba tangu baba yake afariki tunakula sahani mbili, mbili tu, kila jioni, na kwamba mtu akiondoka kwenye nyumba ya sahani mbili hesabu haihitaji shule. Nililia, nikapenga, nikaendelea. Bu Pariyem alinivuta gauni mara mbili. Pak Darmaji aliwatazama kuku, akatazama saa, akawatazama tena kuku. Mafuta ya nazi yaligeuka meupe juu ya mgongo wa yule wa mbele. Nilikuwa nimefika kwenye cheti chake cha darasa la nne.

"Mama," Wening akasema. Alikuwa amekuja kusimama kando yangu, amenishika mkono. "Sema ndiyo."

"Ndiyo," nikasema.

Walipiga makofi mpaka krupuk zikatikisika. Tukala kuku wa baridi wa miguu saba, na aliyefurahi kuliko wote alikuwa Pak Darmaji, anatafuna shingo, anawaambia watu, "Dakika ishirini na tano! Nimehesabu! Nimepona mimi, ugonjwa umemhamia mkwe!" Na alipokuwa anaaga, saa nane mchana, alikataa kuvaa viatu mpaka nimwahidi kwamba Jumatatu kutakuwa na neno ubaoni, maana siku nne amekula bila kusoma kitu, na chakula hakimshuki.

Wageni walipoondoka nilibaki nyuma naosha masufuria ya watu ishirini tofauti, najaribu kukumbuka lipi la nani. Wening hakuja kunisaidia. Nikatoka kumtafuta. Alikuwa mbele ya kibanda, nywele zimekauka, chaki mkononi, ameupa ubao uso na mimi mgongo. Alikuwa anaandika polepole, kwa zile herufi za duara za kufundishia watoto. Alipomaliza akasogea pembeni nisome.

"Hotuba: maneno ya mama yanayosemwa ili chakula kipoe na binti asiondoke."

Nikamwambia herufi zake ni kubwa mno, zimemaliza ubao wote, halafu nikarudi ndani kuosha masufuria, na mlango nikauacha wazi.